Kodi Iliyochelewa: Kuisoma Adili na Nduguze Njombe na Makambako

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa fasihi tunamjua Shaaban Robert kwa njia ya mtihani. Tunaambiwa alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na akafariki mwaka 1962. Tunaambiwa aliandika Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952). Tunaambiwa pia kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba majina yao yanatoboa siri mapema, na kwamba nchi zake hazipo kwenye ramani yoyote. Tunayaandika hayo, tunapata alama zetu, basi, tunafunga kitabu.

Makala hii haikusudii kuyapinga yote hayo. Inakusudia kuuliza swali moja: hadithi ya njozi kama Adili na Nduguze, hadithi ya upendo wa ndugu iliyojaa majini, manyani na mji wa watu waliogeuka mawe, ilimwambia nini msomaji wa Njombe na Makambako? Huko hakuna bahari wala jahazi. Kuna baridi, viazi, mahindi na ulanzi.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asidhani namficha kitu. Nadhani sisi wahakiki tumeitafuta njozi ya kitabu hiki mahali pasipo pake. Tumeiona kwa majini, tukacheka kidogo, tukapita. Kwa mtu wa Ubena jini si kitu cha kushangaza sana. Kinachoshangaza katika kitabu hiki ni mtawala ambaye kodi ikichelewa anataka kusikia kisa. Hilo nimefundishwa na historia ya Njombe, na mzee mmoja ambaye hakujua kusoma.

Kitabu kisicho na mwisho

Mimi ni mwalimu wa sekondari niliyerudi chuoni ukubwani. Kitabu hiki nilikutana nacho mwaka 2000 nikiwa kidato cha pili Njombe. Kilikuwa hakina jalada. Kilipita mkono hata mkono bwenini, na kila aliyekisoma alikipunguza kidogo, maana kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zote. Likizo ya Juni nikaenda nacho nyumbani, kijijini upande wa Makambako, mwendo wa kilometa kama 60 kutoka Njombe mjini. Usiku, tukiota moto jikoni, nilimsomea babu yangu kwa mwanga wa kibatari.

Kwa wale waliokisahau, kisa chenyewe ni hiki. Katika nchi ya Ughaibu yupo mfalme Rai. Kodi ya jimbo la Janibu, ambalo liwali wake ni Adili, imechelewa kufika. Rai anamtuma Ikibali akaifuatilie. Ikibali anapokewa vizuri, lakini usiku anamwona mwenyeji wake akifanya jambo la ajabu: anaingia chumba walimofungwa manyani wawili, anawapiga mjeledi huku analia, kisha anawalisha chakula kizuri na kuwabembeleza. Ikibali anarudi na kodi, na pia anarudi na habari. Rai anamwita Adili barazani pamoja na manyani wake. Hapo ndipo tunapojua kwamba manyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa damu wa Adili. Walipoteza mali yao katika safari za biashara, Adili akawagawia ya kwake. Walisafiri pamoja, Adili akampata Mwelekevu katika mji wa mawe, na wivu ukawashika wale wawili, wakamtosa ndugu yao baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa naye, akawageuza wale kuwa manyani, akaamuru wapigwe kila usiku.

Nakala yangu ilikatikia hapo. Adili yuko mbele ya mfalme, kisa kimekwisha kusimuliwa, hukumu hatuijui. Babu alinyamaza, akasukuma kuni motoni. Nikamwuliza, "Babu, wewe unadhani itakuwaje?"

"Itakuwaje nini? Nyani watabaki nyani. Mfalme kodi yake si amekwisha kuipata? Adili atarudi kwake na mjeledi wake."

"Lakini mfalme amesikia kisa chote."

"Serikali haisuluhishi ndugu, mjukuu wangu. Inakuja kuhesabu."

Wakati ule niliona babu hajakielewa kitabu. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba alikuwa amekisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, pale kwenye kodi, ambapo mimi nilipapita mbio ili nifike kwa manyani.

Njia ya Tanga

Hebu tuiangalie historia kidogo. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao mwaka 1898. Vita vya Maji Maji vilipofika Ubena mwaka 1905, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Sababu za vita zilikuwa nyingi, lakini kodi na kiboko havikosekani katika masimulizi ya wazee. Maneno "hamsa ishirini", yaani viboko 25, bado wanayajua. Waingereza walipochukua nchi walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Sasa, mtu wa Njombe angelipa kwa kitu gani? Reli ilikuwa mbali, zao la kuuza halikuwepo la maana. Kampuni ya miwati, TANWAT, haikuanzishwa mpaka mwaka 1949. Kilichobaki kuuzwa ni nguvu za mikono.

Ndivyo Njombe ilivyokuwa shamba la kuvuna watu. Vijana waliondoka, zamani kwa miguu na baadaye kwa malori, kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU. Aliyeandikishwa aliitwa manamba, kwa sababu alitambulika kwa namba. Alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na siku ilihesabiwa pale tu alipomaliza kazi aliyopimiwa. James Graham, mwanahistoria wa Marekani, aliandika tasnifu nzima juu ya kazi za mshahara katika wilaya hii kati ya 1931 na 1961. Mwenzake James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya watu wa Njombe, anaonyesha jinsi walivyoifanya familia kuwa kimbilio lao mbele ya dola.

Ndugu msomaji, hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Tanga walikokwenda manamba wetu ndiyo Tanga ya Shaaban Robert. Naye hakuwa mtu wa kukaa kando ya mambo ya mapato ya serikali: kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Kazi yake ya mchana ilikuwa ushuru. Alijua jinsi dola inavyomtazama mtu: jina, kiasi, tarehe, sahihi. Sisemi kwamba aliwaandikia Wabena. Nasema kwamba mtu aliyekaa miaka 18 upande wa meza wanakopokea alipotunga hadithi ya upendo, aliianzisha kwa kodi iliyochelewa. Mimi siwezi tena kuliona hilo kuwa pambo la kuanzia hadithi tu.

Afisa anayechungulia

Tuitazame kazi ya kodi katika fani ya kitabu. Bila kodi kuchelewa, Ikibali asingetumwa. Bila Ikibali kutumwa, hakuna ambaye angeona kinachotendeka usiku. Upendo wa Adili na mateso yake vingebaki siri ya nyumba moja. Kwa hiyo kodi ndiyo inayoufungua mlango wa chumba cha manyani.

Na Ikibali ni afisa wa namna gani? Ni afisa anayelala kwa mwenyeji wake, akasikia kilio, akachungulia, akashtuka, akakipeleka kilio kile mbele ya mfalme pamoja na hesabu za fedha. Naye Rai, kodi iko mezani, hasemi "imetosha". Anauliza kulikoni. Anamruhusu mtu aeleze mambo ya baba yake, ya urithi, ya ndugu zake, ya mwanamke aliyempenda. Baraza zima linasikiliza mambo ya nyumbani.

Katika Njombe ya babu yangu afisa wa kodi alifika mpaka mlangoni, lakini hakuchungulia. Ndiyo maana nasema tumekosea kuita majini njozi. Majini ni vyombo tu vya hadithi, kama vile sungura na fisi walivyo vyombo katika ngano zetu. Njozi yenyewe imevaa nguo za kawaida kabisa, imekaa barazani, inaitwa Rai.

Lipo pia jina la Huria. Kwa kuwa tumezoea kuyafumbua majina ya Shaaban Robert, tumewafumbua Hasidi na Mwivu kwa sekunde moja. Huria maana yake ni uhuru, na ni yeye anayeamuru mjeledi. Kitabu kilitoka miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa, kwa hiyo sitamfanya mwandishi kuwa nabii. Lakini msomaji ana haki ya kusoma kwa macho ya wakati wake. Kodi ya kichwa ilifutwa miaka ya 1960 ikiishia, halafu katikati ya miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikadumu mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tunakumbuka mgambo wakija alfajiri na wanaume wazima wakikimbilia mashambani bila viatu. Uhuru ulikuwepo, na mjeledi ulikuwepo.

Mjeledi na chakula

Sasa nifike kwenye upendo wenyewe, maana wengine mtauliza: mbona hadithi ya upendo imegeuka kuwa somo la mapato ya serikali?

Babu alikwenda Tanga mwaka 1957. Mara mbili alituma fedha nyumbani kwa mikono ya wenzake waliokuwa wanarudi, zifike kwa mdogo wake, alipe kodi ya baba yao na zinazobaki amwekee. Mdogo wake alizila. Kodi haikulipwa, baba yao akalala mahabusu. Babu aliporudi aliikuta habari hiyo, na tangu siku ile hawakusemezana. Mdogo wake alijenga upande wa pili wa bonde, na sisi wajukuu tulimwita Babu wa Ng'ambo. Moshi wa jiko lake tuliuona kila asubuhi.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, kila mwaka babu aliniita, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne na kusema, "Peleka ng'ambo. Ukifika, acha. Usikae." Nilipeleka. Babu wa Ng'ambo alipokea kwa mikono miwili, hakusema kitu, akanipa kiazi cha kuchoma. Nikarudi. Sikujua ni karatasi gani na wala sikuuliza. Mtoto wa kule haulizi mambo ya wazee. Baadaye sana ndipo mama aliponiambia kwamba zilikuwa stakabadhi za kodi ya maendeleo. Babu alilipa yake, alilipa na ya mdogo wake. Bila karatasi ile mgambo wangemkamata mwenzake. Salamu hakumpa kwa miaka yote ile, lakini kodi alimlipia.

Nilipolijua hilo ndipo nilipouelewa mkono wa Adili. Wahakiki wengi hueleza upendo wa Adili kwa neno moja, "wema", na kwa kweli jina lake linawaruhusu. Lakini mtu mwema tu hana hadithi. Adili anapiga, na anapiga kwelikweli, kisha anapika. Hawezi kuacha kupiga kwa sababu ameamriwa, wala hawezi kuacha kulisha kwa sababu ni nduguze. Mwandishi hakutupa upendo ulio laini. Alitupa upendo ambao umefungiwa chumba kimoja na adhabu, na kila usiku vyote viwili vinatimizwa na mkono uleule. Anayesema wahusika wa Shaaban Robert ni bapa na akitazame tena chumba kile.

Pingamizi

Yapo ya kupinga, na ni haki yasemwe. La kwanza: je, si hatari kumsifu mfalme mwema? Rai hakuchaguliwa na mtu. Wahakiki waliosoma fasihi kwa jicho la tabaka wangeuliza kwa nini mwandishi anangoja haki ishuke kutoka juu. Nakubali. Ila nasema picha ya mfalme anayesikiliza, ikisomwa na watu ambao hawajasikilizwa, haiwapi usingizi. Inawapa kipimo. Babu hakumpenda Rai. Alimtumia Rai kuwapima watawala aliowajua, na wote wakapungua.

La pili ni juu ya Mwelekevu. Bibi yangu, ambaye alisikiliza pembeni akimenya viazi, aliuliza swali ambalo sijaliona kwenye tahakiki nyingi: "Na huyo mwanamke, mji wake umekuwa mawe, ndugu zake wote mawe, mbona anayesikilizwa ni huyu mwanamume tu?" Ni kweli. Upendo wa Adili kwa Mwelekevu ndio unaowasha moto, lakini kisa kinawaka kwa wanaume watatu. Katika Njombe ya manamba pia historia imeandikwa kwa waliopanda malori. Waliobaki kulima, kulea na kungoja barua wamepewa kurasa chache. Hapa njozi ya Shaaban Robert haikufika mbali.

La tatu ni la asili ya kisa. Hadithi yenye mifupa kama hii imo katika Alfu Lela Ulela, kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze, na wapo wanaosema basi hakuna jipya. Lakini mle ndugu wakisamehewa wanarudia uovu wao, na mwisho wao ni kifo. Shaaban Robert aliupindua mwisho huo. Alichukua mifupa ya zamani akaivisha msamaha. Hilo ni chaguo la mtunzi, na ndilo lililonirudisha kwa babu.

Mwisho wa kitabu

Mwaka 2006, nikiwa chuoni mara ya kwanza, nilipata nakala nzima maktaba. Nikasoma kurasa nilizozikosa: Rai anaingilia kati, anawaombea ndugu wale msamaha kwa majini, nao wanarudishiwa utu wao. Nilipokwenda likizo nilishuka Makambako usiku, na kesho yake nikamsomea babu ule mwisho. Alisikiliza mpaka nikafunga kitabu.

"Huyo mfalme," akasema, "alikuwa na nafasi."

Ndiyo tahakiki fupi kuliko zote nilizowahi kuisikia juu ya kitabu hiki, na sijaona iliyoishinda. Halafu akauliza, "Na wale ndugu, walipogeuka watu, walianza kusema nini?" Nikamwambia walitubu. Akatikisa kichwa. "Huku hatusemi," akasema, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Babu alifariki mwaka 2009. Babu wa Ng'ambo alivuka bonde akaja msibani, akakaa siku zote tatu. Siku ya mwisho aliniita kando, akatoa mfuko wa nailoni ndani ya koti lake. Zilikuwamo karatasi zile, zote, zimekunjwa mara nne vilevile. Ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2002. Hakujua kusoma, kama kaka yake. Aliniambia nimsomee. Nikaanza na jina lake, akanikatiza: "Jina nalijua. Nisomee miaka." Nikamsomea mmoja baada ya mwingine, naye anaitikia, "Ee," kila mwaka.

Hitimisho

Sina hakika kama kisa hiki cha nyumbani kinafaa kuwa ushahidi katika makala ya uhakiki. Walimu wetu wametuonya, tena kwa haki, tusichanganye machozi yetu na maudhui ya kitabu. Lakini najiuliza: historia ya fasihi yetu tumeiandika kama historia ya waandishi, tarehe za kuzaliwa na tarehe za kuchapishwa. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili mwaka 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert, kisha mwaka 1990 akatutolea Nagona, njozi nyingine ambayo mpaka leo tunagombana juu ya maana yake. Tumefuatilia vizuri jinsi mwandishi mmoja alivyomsoma mwenzake. Hatujafuatilia jinsi kitabu kilivyosomwa jikoni, na nani, na kilikatikia ukurasa gani.

Pendekezo langu kwa wenzangu ni dogo. Likizo ijayo, kila mmoja wetu aende kwao na kitabu kimoja cha zamani. Awasomee wazee, afike karibu na mwisho, anyamaze, awaulize itakuwaje. Aandike wanachosema kama walivyosema. Tukikutana tena tutakuwa na kitu cha kujadili, na huenda tukagundua kwamba wahusika tuliowaita bapa walikuwa wanangoja msomaji anayejua kodi ni nini.